Ndege ya rimoti kwa anayeanza: kuiunda kwa fomubodi na kuirusha Mtwara na Lindi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Ndege ya kwanza ninunue au niunde? Mota ya ukubwa gani? Nirushie wapi? Na lile linaloulizwa kuliko yote: mbona ya kwangu ikitoka mkononi inapanda wima, inasimama hewani, kisha inashuka kama nazi? Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa ajili ya mtu aliyepo Mtwara, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi au Nachingwea, asiye na duka la vifaa hivi mtaani kwake wala mwalimu wa kumshika mkono.

Swali la kwanza nalimaliza hapa hapa: unda. Ndege ya kwanza itaanguka, hilo halina mjadala, na aliyeiunda mwenyewe anajua pa kupaka gundi. Ya kununua ikivunjika mkia, spea iko China.

Ndege tunayoiunda ina bawa juu ya bodi, urefu wa karibu sm 118 kutoka ncha hadi ncha, na mota moja puani. Bawa halina vibao vya kugeuzia. Ndege inageuka kwa usukani wa mkiani, inapanda na kushuka kwa eleveta, yaani kibao cha nyuma cha mkia wa kulala, basi. Ncha za bawa zimeinuliwa juu, kwa hiyo ukiachia vijiti vya rimoti inajinyoosha yenyewe. Najua unataka ile ya kivita uliyoiona YouTube. Iache kwanza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Vya umeme vinapatikana Dar es Salaam au kwa kuagiza mtandaoni:

- Rimoti ya 2.4 GHz yenye chaneli sita, pamoja na risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya ndege). FlySky FS-i6 inatumiwa na wanaoanza wengi, na inatosha kwa miaka.
- Mota isiyo na brashi, saizi 2212, 1000 kV. Hiyo kV ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, si kilovolti. Ukiona namba 2200 kV kwa bei ile ile usidhani umepata zaidi. Hiyo ni ya propela ndogo na ndege ya mbio.
- ESC ya ampea 30 yenye BEC ndani. Hiki ndicho kidude kinachopeleka umeme kwenye mota kwa kadiri unavyosukuma kijiti, na BEC ndiyo inayolisha risiva na sevo.
- Propela 10x4.5, nunua nne. Tatu utazivunja.
- Sevo mbili za gramu 9, vile vimota vidogo vinavyosogeza eleveta na usukani.
- Betri ya LiPo ya seli tatu (3S), 2200 mAh, na chaja yake ya balansi, yaani inayojaza seli zote sawasawa. Ongeza kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye plagi ya balansi.

Betri ndiyo inayochelewesha watu. Mizigo ya anga ina masharti makali kwa betri za lithiamu, kwa hiyo wauzaji wengi wa nje hawazitumi. Itafute Dar es Salaam ije kwa basi, na uianze safari hiyo mapema kabla hujakata hata fomubodi moja.

Vya hapa hapa: fomubodi (foamu iliyovikwa karatasi pande zote mbili) ya mm 5 saizi ya A1, ambayo watengeneza mabango na baadhi ya maduka ya vifaa vya ofisi huwa nayo. Mbili zinatosha, ya tatu ni ya makosa. Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, bunduki ya gundi ya moto na vijiti vyake, selotepu pana, plaiwudi ya mm 3 kiasi cha kiganja, vijiti vya mishkaki, klipu za karatasi, kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda, na mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Supaglu usiilete karibu. Inakula foamu ya ndani, na gundi ya viatu ni vile vile. Utabandika jioni, asubuhi utakuta shimo.

Kingine cha kuwa nacho hakina bei: mazoezi ya simu. Pakua PicaSim, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, ni ya bure, urushe humo kila siku mpaka ndege inayokuja upande wako isikuchanganye. Hapo ndipo karibu kila anayeanza anakwama, kwa sababu ndege ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Dawa yake ni hii: bawa likiinama, peleka kijiti upande ule ule lilikoinama, litanyanyuka. Rudia mpaka mkono ufanye bila kuulizwa.

Mahali, ruhusa na upepo

Anza na ruhusa. Vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Waulize kabla, ueleze uzito wa ndege yako na unapotaka kurushia, na upate jibu lao kwa maandishi. Usijifariji kwamba hiki si droni. Mtu aliyesimama barabarani haoni tofauti, na askari haoni kabisa. Mkoa wa Mtwara unapakana na Msumbiji, una bandari, una mitambo ya gesi Madimba na Mnazi Bay, na una kambi za jeshi. Sehemu zote hizo kaa nazo mbali. Kiwanja cha ndege cha Mtwara kipo karibu na mji, hivyo upande ule nao usahau. Lindi kiwanja kipo Kikwetu, nje ya mji kwa kaskazini. Kamera kwenye ndege ya kwanza usifunge: inaongeza uzito, na inaongeza maswali.

Ukishapata kiwanja, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mpe shikamoo yake, muonyeshe ndege, mwambie saa utakazokuja. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na siku ndege ikitua kwenye uwanja wa mtu utaiona faida yake.

Kiwanja kizuri ni kipi? Uwanja wa mpira wa kijijini wenye nyasi na nafasi wazi pande zote, angalau urefu wa viwanja viwili vya mpira. Nachingwea wana bahati, kule kuna ardhi tambarare iliyosafishwa kwa matrekta enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Lindi mjini ni pagumu: vilima viko nyuma ya mji, upepo ukivivuka unashuka ukiwa umevurugika, na ndege nyepesi inarushwarushwa. Ufukweni maji yakiwa yamekupwa panavutia, mchanga mpana na hakuna miti. Mimi simpeleki mwanafunzi huko. Chumvi inaingia kwenye mota, na ndege ikienda na upepo inaishia baharini.

Sasa upepo. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mchana hakuna ndege ya foamu itakayokusikiliza. Rusha alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi. Kipindi cha maleleji, kusi ikiwa imeisha na kaskazi haijaja, ndicho kitamu kuliko vyote, na kwa kuwa mvua zetu huchanganya baadaye, Oktoba na Novemba mwanzoni unapata asubuhi nyingi kavu na tulivu. Kipimo changu ni bendera ya shule. Ikiwa imelala kwenye mlingoti, rusha. Ikijikunjua na kulala, mwenye uzoefu arushe. Ikiwa inapepea muda wote, rudi nyumbani ukanywe chai.

Hatua kwa hatua

1. Kata mabawa. Fomubodi moja ya A1 inatoa vipande viwili vya sm 59 kwa 40. Kwa upande wa sm 40, pima sm 20 uchore mstari, ongeza sm 1 uchore wa pili. Zinabaki sm 19. Ile sm 20 ndiyo sakafu ya bawa, sm 19 ndiyo paa, na ukanda wa sm 1 ndio ukingo wa mbele. Angalia usikate vipande viwili vya upande mmoja: kimoja ni cha kulia, kingine cha kushoto.

2. Kunja. Kwenye ule ukanda wa sm 1, kata karatasi ya upande wa ndani peke yake, uibandue, kisha ikandamize foamu kwa kitako cha kalamu mpaka ilainike. Karatasi ya nje iache nzima, hiyo ndiyo bawaba. Kata mikanda minne ya fomubodi ya sm 59 kwa 2.5, bandika miwili miwili ilale moja juu ya nyingine, kisha kila jozi iwe mhimili ndani ya bawa, katikati yake ikiwa sm 6 kutoka ukingo wa mbele. Paka gundi juu ya mhimili na ukingo wa nyuma, kunja paa lilale, weka vitabu juu. Gundi ya moto inaganda haraka, kwa hiyo jaribu kukunja mara mbili tatu bila gundi kwanza. Bawa likiganda limejipinda, halinyooki tena, kata jingine. Hapa usione uvivu, maana bawa lililopinda litakutesa hewani kila siku.

3. Unganisha mabawa. Pitisha msasa kwenye miisho inayokutana ili ikae mshazari. Bawa moja lilale mezani na kitu kizito juu yake, la pili linyanyuke mpaka ncha yake iwe sm 14 kutoka mezani. Kata plaiwudi umbo la V pana, urefu sm 20, inayofuata pembe hiyo hiyo, uipachike kwenye mhimili wa pande zote mbili, ujaze gundi. Zungushia selotepu kwenye maungio, juu na chini. Bawa likiungwa bila hiyo plaiwudi litajikunja katikati siku ya kwanza utakayovuta kijiti kwa nguvu.

4. Bodi. Ni boksi refu la sm 80: pande mbili za sm 7, sakafu ya sm 5 ikikaa kati yao, na kifuniko cha sm 6. Kuanzia nyuma ya bawa, kata pande hizo zipungue kidogo kidogo hadi sm 3 mkiani. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sm 20 kutoka puani. Kifuniko cha mbele kisibandikwe, kifungwe kwa selotepu, maana betri itaingilia hapo. Toboa bodi mbele na nyuma ya bawa, upitishe vijiti vya mishkaki vinne vinne vilivyofungwa pamoja. Bawa litashikwa na mipira ya tyubu iliyopita juu yake. Usilibandike kwa gundi. Likigonga chini linachomoka lenyewe badala ya kuvunjika, na ndege inaingia kwenye bajaji.

5. Mkia. Kibao cha kulala ni sm 45 kwa 12, na sm 4 za nyuma ndiyo eleveta. Cha kusimama ni sm 18 kwa 12, na sm 5 za nyuma ndiyo usukani. Bawaba unaifanya kwa kukata karatasi ya upande mmoja na foamu, ukiacha karatasi ya upande wa pili, kisha unachonga ukingo mshazari ili kibao kiweze kwenda pande zote. Pitisha selotepu juu ya bawaba. Kabla ya kubandika, simama mbele ya ndege uitazame: cha kulala kiwe sambamba na bawa, cha kusimama kiwe wima kabisa.

6. Pua. Bandika kipande cha plaiwudi mbele ya bodi na ufunge mota juu yake kwa skrubu. Kisikae wima kabisa: ukingo wa juu utangulie mbele mm 3 kuliko wa chini, na upande wa kushoto, ukiwa umekaa kama rubani, utangulie mm 2 hadi 3 kuliko wa kulia. Mota itakuwa inatazama chini kidogo na kulia kidogo. Bila hivyo, ukiongeza moto (nguvu ya mota) ndege itainua pua na kuvuta kushoto.

7. Sevo na vijiti vyake. Weka sevo ndani ya bodi chini ya bawa. Fito ndefu za kutoka sevo hadi mkiani ni vijiti vya mishkaki vilivyounganishwa, na kila mwisho una klipu ya karatasi iliyonyooshwa, iliyofungwa kwa uzi na kupakwa gundi. Pembe za eleveta na usukani, yaani vidude vinavyoshikwa na fito, kata kwenye ile kadi ya benki. Fito ikipinda unapoisukuma, ipitishe kwenye kipande cha mrija wa soda kilichobandikwa katikati ya bodi. Eleveta iende mm 12 juu na mm 12 chini, usukani mm 25 kila upande. Zaidi ya hapo ni kwa baadaye. Kwenye rimoti weka ekspo ya asilimia 30, ili kijiti kisiwe kikali karibu na katikati.

8. Umeme, na propela isiwepo kwenye mota. Nasisitiza kwa sababu kidole hakina spea. Kama huna mkono wa kulehemu, mpelekee fundi simu ESC na plagi ya XT60 (ya kuiunganisha na betri), mwambie nyekundu ni chanya, na uhakikishe kabla ya kuchomeka, kwani ESC ikipewa umeme kinyume inakufa papo hapo. Usukani uchomeke chaneli 1 ili mkono wa kulia ugeuze ndege, eleveta chaneli 2, ESC chaneli 3. Washa rimoti kwanza, kijiti cha moto kikiwa chini, ndipo uunganishe betri. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: toa betri, halafu zima rimoti. Mota ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili zozote kati ya zile tatu. Ukiwa nyuma ya ndege, izunguke kama mishale ya saa.

9. Kagua mielekeo. Simama nyuma ya ndege. Vuta kijiti cha kulia kuja kwako: eleveta inainuka. Kisukume kulia: usukani unakwenda kulia. Kimoja kikienda kinyume, geuza kwenye menyu ya rimoti. Halafu weka kinga ya kupotea mawimbi, ujaribu: mota ikiwa inazunguka taratibu, bado bila propela, zima rimoti. Mota isimame. Isiposimama usiende kiwanjani.

10. Mizani. Hii hatua ndiyo jibu la lile swali la ndege inayopanda wima na kuanguka, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Funga kila kitu: bawa, propela, betri mahali pake. Chini ya bawa, kila upande wa bodi, pima sm 5 kutoka ukingo wa mbele uweke alama, na nyingine sm 6. Weka ncha za vidole viwili kati ya alama hizo, uinyanyue ndege ndani ya nyumba pasipo na upepo. Inatakiwa ikae sawa, au pua iiname kidogo. Pua ikinyanyuka, sogeza betri mbele. Bado? Tia chubwi ya mshipi puani, ndogo ndogo, upime tena kila ukiongeza. Kwa ndege ya umbo hili huwa tatizo ni pua nyepesi, mara chache sana huwa pua nzito. Watu wanaogopa kuongeza uzito. Usiogope: ndege yenye pua nzito inaruka vibaya, yenye mkia mzito hairuki. Ikishakaa sawa, chora mahali betri inapoanzia ndani ya bodi kwa kalamu ya wino mzito, ili kesho usibahatishe. Ndege nzima isizidi gramu 750. Mzani wa dukani wa kupimia sukari unatosha kukuambia.

11. Rusha bila mota. Tafuta nyasi ndefu. Elekea upepo, shika ndege chini ya bawa, isukume mbele kama unavyosukuma mkuki, pua ikiwa inatazama chini kidogo. Iteleze taratibu na kutua mbele, mita kumi au zaidi. Ikiinua pua na kuzama, rudi hatua ya 10. Ikichomoka moja kwa moja chini, eleveta haiko katikati, au kweli pua imezidi. Usiwashe mota mpaka iteleze vizuri.

12. Siku yenyewe. Chaji betri usiku, ukiwa macho. Kwa betri ya 2200 mAh chaja iwe ampea 2.2, seli zote zifike 4.2 V. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya sufuria yenye mchanga, kamwe si kitandani, na usiondoke. Umeme ukikatika, chaja nyingi za balansi zinakubali betri ya gari au ya sola ya volti 12. Kiwanjani, watoto wakae nyuma yako, wote, kabla hujaunganisha betri. Watakuja wengi, na hawatakaa, kwa hiyo mpe mmoja mkubwa kazi ya kuwazuia. Pima masafa: mwenzako ashike ndege, wewe tembea na rimoti kwa hali ya majaribio ya masafa kama inayo, uone sevo zinaitika. Herufi na namba za propela zitazame mbele.

13. Kuruka. Mwenzako arushe, wewe ushike rimoti kwa mikono miwili. Mkabili upepo. Moto robo tatu, arushe ikiwa imelala sawa, asiielekeze juu. Iache ipande taratibu yenyewe hadi mita 30 hivi, yaani juu ya minazi mirefu na ziada, ndipo upunguze moto hadi nusu. Geuza kwa kugusa, si kwa kushikilia: gusa, achia, tazama. Kila ikigeuka itashusha pua kidogo, ivute kidogo. Iweke ndege upande upepo unakotoka. Ukiiruhusu iende na upepo, itakuwa ndogo machoni kabla hujamaliza kusema "aisee". Taima iwe dakika 6, ikilia shuka, hata kama bado una hamu.

14. Kutua. Ipeleke upande upepo unakoelekea, igeuze mapema ikabili upepo, punguza moto hadi mwisho, na uiache ishuke. Ikifika urefu wa goti, vuta eleveta kidogo. Kosa la kila mtu ni kuvuta eleveta ikiwa bado juu ili "iende mbali kidogo": mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba, inaanguka upande. Ikiwa inaishia mbali, iache iishie mbali. Una miguu.

Ikikataa

*Inavuta kushoto kila wakati.* Zima mota angani uione ikiteleza. Kama kuvuta kunaacha, tatizo ni pembe ya mota, ongeza ya kulia. Kama kunaendelea, bawa limepinda. Simama nyuma ya ndege, funga jicho moja, linganisha mabawa.

*Ukiongeza moto inapanda wima.* Mota iangalie chini zaidi. Vipete (washa) vya plastiki kati ya mota na plaiwudi, kwenye skrubu mbili za juu, vinatosha.

*Moto upo mwingi lakini haina nguvu.* Kagua propela kama imegeuzwa nyuma mbele. Inazunguka, inapiga kelele, haivuti.

*ESC inapiga mlio tu, mota haizunguki.* Haijajua mwanzo na mwisho wa kijiti. Toa propela, washa rimoti na kijiti cha moto juu kabisa, unganisha betri, subiri milio miwili, shusha kijiti mpaka chini.

*Sevo zinatetemeka.* Mara nyingi ni plagi isiyoingia vizuri, au antena za risiva zimelala juu ya ESC na nyaya za betri. Zitenge, moja ikae wima na nyingine ilale.

*Mota inakata angani kabla ya dakika 6.* Pima seli baada ya betri kupumzika. Zikiwa chini ya 3.5 V kila moja, betri haikujaa au imechoka. Betri iliyovimba haina matengenezo. Usiitoboe, usiichaji tena.

*Karatasi ya bawa inabanduka.* Umande wa alfajiri na unyevu wa pwani ndivyo vinavyofanya hivyo. Ndege mpya ipakae vanishi nyembamba ya maji, au funika kingo zote kwa selotepu kabla ya siku ya kwanza.

*Imekwama kwenye mkorosho.* Itakwama. Shusha kijiti cha moto haraka, mota inayong'ang'ana na tawi inaunguza ESC. Kisha mtafute mwenye shamba kabla ya kugusa mti, hasa ukiwa na maua, maana kila ua unaloliangusha ni korosho yake. Tumia mwanzi mrefu wenye ndoano, shika bodi, usivute bawa. Ikishuka, kitu cha kwanza ni kutoa betri. Iweke chini kivulini na uitazame kwa robo saa kabla ya kuirudisha kwenye begi: LiPo iliyogongwa inaweza kuwaka baadaye. Kama haitarushwa tena wiki hiyo, ichaji au ishushe mpaka 3.8 V kila seli, na usiiache ndani ya gari juani.